Uzoefu wangu na TestDisk: kuokoa data kwenye diski yenye patisheni iliyoharibika

Diski yangu ya nje, yenye ujazo wa terabaiti 1, ilikuwa na patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) moja ya NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili, iliyobeba nyaraka za kazi na picha za familia za miaka mingi. Umeme ulikatika wakati kompyuta ikiendelea kuiandikia, na nilipoiunganisha tena, Windows ilinitaka niifomati kabla ya kuitumia, huku dirisha la usimamizi wa diski likiionyesha kuwa RAW, yaani isiyo na mfumo wa faili unaotambulika. Data karibu yote imerudi, na programu iliyoirudisha ni TestDisk ya Christophe Grenier, ambayo ni ya bure na ya chanzo huria. Ninaisifu zaidi kwa namna inavyomwonyesha mtumiaji ni kitu gani hasa kimeharibika kabla ya kumruhusu kurekebisha chochote.

Kwanza nilisoma taarifa za SMART za diski hiyo, yaani rekodi ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Zilionyesha kuwapo kwa sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) ambazo diski ilishindwa kuzisoma na ilikuwa bado haijazibadilisha kwa sekta za akiba, na ishara hiyo peke yake ilitosha kunizuia kufanya jaribio lolote juu ya diski asilia. Nilitumia GNU ddrescue kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, hadi kwenye faili moja katika diski nyingine iliyo kubwa zaidi. Programu hiyo huanza na maeneo yanayosomeka kwa urahisi, huyaruka yanayokwama na kuyarudia baadaye, na huweka kumbukumbu ya maendeleo yake katika faili ya ramani ili kazi iliyokatizwa iendelee pale ilipoishia. Huo ndio utaratibu sahihi, kwa sababu diski inayodhoofika inaweza kufa kabisa ikilazimishwa kung'ang'ania sekta moja mbovu wakati maeneo mazuri yakiwa bado hayajanakiliwa. Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono ushauri wa kukimbilia chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski: kazi yake ni kuufanya mfumo wa faili ulingane na wenyewe, na katika kufanya hivyo huandika juu ya diski, hata kama gharama yake ni kuyaondoa maingizo ya faili ambazo zingeweza kuokolewa.

Niliifungua nakala hiyo kwa TestDisk kama vile ningeifungua diski yenyewe. Programu huuliza aina ya jedwali la patisheni, yaani orodha inayoonyesha kila patisheni inapoanzia na kuishia, na mara nyingi huikisia vizuri. Diski yangu ilitumia jedwali la MBR, la aina ya zamani, ambalo hukaa katika sekta ya kwanza kabisa ya diski: kuanzia baiti ya 446 kuna maingizo 4 ya baiti 16 kila moja, kisha sekta ya baiti 512 hufungwa kwa alama ya 55 AA. Jedwali lilikuwa zima. Kilichoharibika kilikuwa sekta ya kuwashia ya patisheni, ile inayoueleza mfumo endeshi ukubwa wa klasta (fungu la sekta linalogawiwa faili) na mahali lilipo jedwali kuu la faili, MFT. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Mtu aliyeaminishwa kwamba kila patisheni isiyofunguka imepoteza jedwali lake ataandika jedwali jipya bure, na akikosea mipaka atajiongezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Utafutaji wa haraka haukuipata patisheni. Utafutaji wa kina ndio ulioipata, kwa kuwa huo hutafuta pia nakala za akiba za sekta ya kuwashia, na NTFS huhifadhi nakala yake katika sekta ya mwisho ya patisheni. Nilipojaribu kuorodhesha faili, programu ilijibu kwamba mfumo wa faili unaonekana kuharibika, jambo lililotarajiwa kwa sababu mwanzo wa patisheni ulikuwa bado mbovu. Nilikwenda kwenye menyu ya Advanced, kisha Boot, na hapo majibu yalikuwa wazi: sekta kuu ni mbovu, nakala ya akiba ni nzima, na hizo mbili hazifanani.

Hapa lazima niseme neno la onyo. Menyu hiyo inaweza kuonyesha chaguo mbili, Backup BS na Org. BS (BS ni sekta ya kuwashia). Ya kwanza huichukua nakala ya akiba na kuiweka mahali pa sekta kuu, na ya pili hufanya kinyume chake, yaani huiandika sekta kuu juu ya nakala ya akiba. Programu huomba uthibitisho, lakini ningependa maandishi yake yaeleze kwa maneno kamili ni ipi inayofutwa. Nilichagua ya kwanza, nikaorodhesha faili tena, na folda zangu zikatokea zikiwa na majina na tarehe zake. Nilizinakili hadi kwenye diski ya tatu humohumo ndani ya TestDisk, bila kuitegemea Windows ikubali kuifungua patisheni.

Baadhi ya folda hazikuonekana, kwa kuwa maingizo yake ya MFT yaliangukia kwenye sekta zisizosomeka. Kwa hizo nilitumia PhotoRec, inayokuja pamoja na TestDisk, ambayo hupuuza mfumo wa faili na kutambua faili kwa alama zake za mwanzo, kama vile FF D8 FF kwa picha za JPEG. Picha zilirudi katika folda za recup_dir, nyingi zikiwa hazina majina yake ya awali, lakini tarehe ya kupigwa huhifadhiwa ndani ya picha yenyewe, hivyo niliweza kuzipanga upya. Video ndefu zilizokuwa zimesambaa vipande vipande kwenye diski zilitoka zimekatika, na katika hilo siilaumu programu.

Muonekano wa TestDisk ni wa maandishi matupu kwa Kiingereza, na huendeshwa kwa vitufe vya mishale. Mtu asiyezoea atashtuka kidogo, na safu za silinda na vichwa, namna ya zamani ya kutaja mahali kwenye diski, hazimsaidii sana mtumiaji wa leo. Hata hivyo kila skrini hueleza hali kwa ukweli, na hakuna kinachoandikwa kwenye diski hadi mtumiaji athibitishe mwenyewe.

Diski inayotoa mlio wa kugongagonga haifai kutumiwa na programu yoyote, bali izimwe na kupelekwa kwenye maabara ya urejeshaji data. Kwa upande wa SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani zinazozunguka, kulikubali ombi la kufomati ni hatari kubwa zaidi kuliko kwenye diski ya sahani, kwa sababu ufomati kwenye Windows huambatana na amri ya TRIM inayoiarifu diski kwamba eneo lote limeachwa huru, na baada ya hapo SSD nyingi hurudisha sifuri tupu pale palipokuwa na faili.