Splinti ya mguu unaodondoka: miezi 5 nayo kwenye joto la Dar

Naandika hii kwa sababu wakati nakitafuta hiki kidude sikupata mtu wa kuniambia ukweli, wauzaji wote wanakwambia kizuri tu. Ni ile splinti ya plastiki inayoingia ndani ya kiatu, inashika kisigino halafu inapanda nyuma ya shavu la mguu hadi karibu na goti, mafizio (wale wa mazoezi ya viungo) wanaiita AFO.

Ilikuwaje. Mwaka jana niliumwa homa ya ini aina E, hii ya maji machafu, sio B ambayo ukisema tu ini watu wanakuangalia jicho la pembeni. Macho njano, mkojo kama Coca-Cola, nikalala wiki mbili nikaanza kupata nafuu. Nimeshajua yameisha, mara vidole vya miguu ganzi, kesho yake kupanda daladala mpaka konda anivute, siku ya tatu magoti hayana nguvu kabisa. Mama mdogo akasema nimetupiwa kitu, jirani akasema sukari hiyo. Daktari wa mishipa ya fahamu akanigonga goti na kile kinyundo, mguu kimya, wakachukua maji ya uti wa mgongo wakakuta protini iko juu ila seli kawaida, akasema ni Guillain-Barré. Yaani kinga ya mwili katika kupigana na kirusi inapotea njia inaanza kushambulia mishipa yako ya fahamu mwenyewe. Hata homa ya ini aina A inaweza kuileta, ila ni nadra, msije mkaanza kujigonga magoti usiku. Wao walichokuwa wanaogopa ni pumzi maana udhaifu unapanda juu, ukifika kifuani unawekwa mashine. Kwangu haukufika, nashukuru Mungu. Dripu za imunoglobulini, yaani kingamwili za watu waliochangia damu, siku 5 (bei tusiongee), nguvu zikarudi taratibu ila mguu wa kulia ukabaki unadondoka, nikitembea kidole gumba kinakwangua chini na ndala inabaki nyuma.

Nikaanza na ya bei rahisi, kamba ya kuvutika yenye ndoano inayoshika kamba za kiatu, elfu 40 kwenye duka moja la vifaa tiba Kariakoo, jina naliacha. Wiki ya tatu imelegea kama lastiki ya chupi, nikairudisha jamaa ananiambia nimeivaa vibaya. Mi nimeivaa vibaya! Achaneni nayo, labda kama mguu wako unadondoka kidogo sana.

Ya pili nikatengenezewa, laki 3. Fundi mwenyewe kasomea Moshi pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na splinti, akanifunga mguu na plasta akachukua umbo, baada ya wiki nikarudi kujaribu, akaipasha moto sehemu mbili akaikunjua kidogo pale ilipokuwa inabana fundo la mguu. Nikavaa, nikatoka, sikujikwaa hata mara moja mpaka stendi, nikajikuta nacheka peke yangu.

Sasa kero zake. Joto kwanza, mguu unachemka humo ndani, bila soksi ndefu ya pamba usijaribu. Kiatu cha kulia lazima kiwe saizi moja zaidi, kwa hiyo unanunua pea mbili, mi naenda mitumba nachambua. Halafu kama bado una ganzi kama mimi, kila jioni kagua ngozi kwa macho, mi nilipata lengelenge kisigino nikaja kuliona kwenye soksi tu.

Ila kubwa kuliko zote, hiki kitu kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoingia ndani na viatu. Sisi tunavua mlangoni, na ukikanyaga tailsi na plastiki tupu unateleza kama uko kwenye sabuni, nilikaribia kuanguka kwenye msiba mbele za watu. Nikamrudia fundi akanibandikia kipande cha soli ya kandambili chini, tatizo kwisha. Msikitini bado naivua kwa ajili ya udhu na kwenye sijida inanibana, nimeanza kuswali kwenye kiti.

Fizio anasema mshipa wa fahamu unaota kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo bado nipo nayo sana. Nyota 4 kati ya 5 kwa ya kutengenezewa. Velkro ya juu imeshachoka, fundi cherehani wa hapa mtaani kanibadilishia kwa buku mbili.