Makumbusho ya Wasukuma, Bujora: nendeni na mzee wenu

Bujora naipa nyota tano. Ukitokea Mwanza mjini unapanda daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, kilomita kama 20, halafu bodaboda inakupandisha kilimani. Vaeni viatu vya kutembelea, maana nyumba zimetawanyika kati ya mawe.

Aliyeanzisha ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na makumbusho yalifunguliwa 1968. Jengo la watemi, yaani machifu wa Kisukuma, limepewa umbo la kiti cha enzi, na ngoma zao zimo humo. Wengi wanapiga picha hapo wanaondoka. Msiondoke.

Mimi ni nesi wa zahanati, na nilikwenda na babu mzaa mama. Mwongozaji alitueleza vizuri Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu. Alipofika kwa Bayeye, wacheza ngoma na nyoka, babu akagoma kusogea. Kumbe naye alichanjwa dawa na kuingizwa katika chama chao akiwa kijana! Akaanza kueleza jinsi walivyofundishwa kumtambua kila nyoka, tabia yake na anapolala, kabla ya kuruhusiwa kumshika. Yule kijana mwongozaji akanyamaza, akamvutia babu kiti. Kwa hilo tu anastahili pongezi.

Kisha babu akanigeukia: "Mjukuu wangu, sisi tulifundisha watu kabla hawajagongwa. Ninyi huko zahanati mnawafundisha lini?"

Swali hilo ndilo lililonionyesha kazi yangu. Nilishapokea miguu iliyofungwa mpira wa baiskeli hadi ikawa myeusi, na majeraha ya wembe yaliyo mabaya kuliko meno ya nyoka mwenyewe. Huduma yetu ilikuwa inaanza mgonjwa akishafika mlangoni. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na wanaoumwa ni hawa hawa wetu: wakulima majarubani, wachunga ng'ombe, watoto wanaolala chini.

Niliporudi nikaomba nipewe dakika chache siku za kliniki ya mama na mtoto, baadaye mikutano ya kijiji. Nasema yale yale kila mara: mgonjwa atulie, vueni pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kisitikisike, msikate, msinyonye, msifunge kwa kukaza, mwahisheni hospitali yenye dawa ya kuua sumu ya nyoka. Babu namheshimu sana, lakini sindano hiyo haina mbadala wa mizizi, na yeye mwenyewe sasa ndiye anayewahimiza majirani wapakie mgonjwa kwenye pikipiki mapema. Wanamsikiliza kuliko mimi. Nimekuwa nesi miaka mingi, ila tangu siku ile najua niliusomea uuguzi kwa ajili ya nini.

Mkitaka kuona ngoma zikichezwa, kama Bugobogobo inayochezwa na majembe, nendeni kwenye sherehe za Bulabo, karibu na sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi Juni. Ila kwa mwenye mzee wa kumpeleka, siku tulivu ya kawaida ni bora zaidi. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mzee atapenda kuongea, na mchana huo msipange safari nyingine.