Kiduka cha kitunguu swaumu Kariakoo: poda chukueni, mafuta acheni

Wadau mnaopita Kariakoo upande wa Msimbazi, kuna kiduka cha tiba asili wanauza kitunguu swaumu cha kila namna, poda, vidonge, kilichosagwa na asali, na mafuta ya kwenye kichupa ambayo wanayasifia kuliko vyote. Mama muuzaji ana kauli nzuri, anakuita mwanangu hata kama mnalingana, ila akianza kutaja magonjwa utachoka: presha, sukari, ngiri, nguvu za kiume, UTI, yani kichupa kimoja na Muhimbili wafunge.

Poda ndo nimeipenda. Elfu tano, kavu, haina mabonge, ukipaka kwenye nyama kabla ya kuchoma ukali unausikia. Kwa msosi naisifia, kwa tiba nabaki na punje za sokoni, zile ndogo kali za Mbulu, maana alisini yenyewe, ile kemikali ya kitunguu swaumu inayosifiwa, haimo kwenye punje nzima, mpaka uiponde ndo kimeng'enya kinachoitwa aliinasi kinakutana na aliini, kemikali nyingine iliyomo kwenye punje, na alisini inatengenezeka. Ukiponda ukatupia kwenye mafuta ya moto hapo hapo umekiua, kwa hiyo ponda, acha dakika kama 10, ndo upike. Wanakemia Cavallito na Bailey waliitenga hiyo alisini Marekani mwaka 1944 wakaona inazuia bakteria kweli, lakini hiyo ni maabara jamani, mwilini habari nyingine. Kwenye presha tafiti zinaonesha inashusha kidogo kwa wenye presha ya juu, kidogo, sio ya kukufanya uache vidonge vya daktari.

Sasa hayo mafuta. Punje mbichi zimelowekwa, vichupa vimepangwa juani, hamna tarehe wala usajili wowote. Ndani ya mafuta hewa hamna, na bakteria wa botulizimu ndo wanapapenda hapo, sumu yao inapoozesha mtu. Vancouver kule Kanada mwaka 1985 watu zaidi ya 30 waliugua kwa kitunguu swaumu cha kwenye mafuta ambacho hakikuwekwa friji.

Nikamuuliza, mzee wangu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vidonge hivi vya kitunguu swaumu vinamfaa? "Haina shida mwanangu, hii asili." Shida ipo mama, kitunguu swaumu kingi nacho kinapunguza damu kuganda, ukijumlisha na warfarini mtu anaweza kuvuja damu, kwa hiyo vidonge nikaviacha hapo hapo mezani.

Nyota 3, za poda na ukarimu. Malipo ya simu wanapokea, Jumapili wanafunga mapema.