Apu ya umbali wa viwanja vya ndege: kilomita ziko sawa ila muda umenikosesha posa ya mdogo wangu

Nyota 2 kati ya 5.

Hii apu ni ya bure, unaandika zile herufi tatu za kiwanja cha ndege unachotoka na unachoenda inakupa kilomita na muda. Nikaweka BKB, Bukoba, na MYW, Mtwara, ikaniletea kilomita 1,360, masaa mawili na dakika kumi. Jamani nikaamini. Mdogo wangu anafanya kazi Mtwara, posa ilikuwa saa kumi jioni na mimi ndo kaka mkubwa wa kusimama badala ya marehemu baba, nikawaahidi kabisa kwamba saa saba mchana ntakuwa nimeshafika.

Kwenye umbali siwalaumu. Nimejumlisha mwenyewe, Bukoba mpaka Dar angani ni kama 1,020, Dar Mtwara kama 400, yaani kuzungukia Dar kunaongeza kilomita 60 hivi tu, hata Mwanza tulikotua kuchukua abiria iko humohumo njiani. Kwa barabara ndo usiseme, karibu 2,000.

Kilichoniumiza ni muda. Ndege ya moja kwa moja haipo, lakini wao wanapiga hesabu kama vile kuna jeti inayokimbia kilomita 800 kwa saa toka kiwanja hadi kiwanja, wanaongeza nusu saa ya kupaa na kutua basi. Bukoba ile njia ya kurukia ni fupi, kama kilomita moja na nusu na ziwa liko palepale, unapanda pangaboi, ndege ya mapanga isiyo na kasi ya jeti. Na masaa ya kukaa Dar hawayahesabu kabisa.

Nimetoka nyumbani saa nne asubuhi, Dar nimetua inakaribia saa tisa, nikakimbilia kaunta terminal 2 huku nimekumbatia kifurushi cha kahawa za kutafuna alizofunga mama kwenye majani ya mgomba, maana kwetu mgeni wa heshima hakai bila kahawa. Dada wa kaunta akaniambia kwa upole, pole kaka, ya Mtwara imeondoka asubuhi, ingine kesho. Nikalala gesti Kipawa, kila ndege ikipita bati linatetemeka na mimi macho kodo. Posa ikapelekwa na jirani yake mdogo wangu, mzee wa watu alivaa kanzu akaenda kunisimamia, Mungu ambariki sana.

Mtwara nimefika kesho yake saa nne, masaa 24 kamili. Mama mkwe akaipokea kahawa kwa mikono miwili, akainusa, akaniuliza inatafunwaje.

Wenye apu naomba kitu kimoja, chini ya hayo masaa mawili wekeni mstari unaosema njia hii haina ndege ya moja kwa moja, unabadilishia Dar. Mkiuweka narudi hapa naongeza nyota.