Mazda MX-5 ya gia za mkono: uzoefu wangu na klachi yake baada ya mwaka mmoja

Kabla ya gari hili nilikuwa nimeendesha gia za mkono kwa miaka tisa, na nilijihesabu dereva aliyekamilika. Wiki ya kwanza ilinionyesha kwamba nilichokijua ni kubadilisha gia tu. Kuchagua gia ni kazi nyingine, na gari la michezo halikusamehi ukikosea.

Langu ni la kizazi cha nne, kile kilichoingia sokoni 2015, lenye injini ya lita 2.0 kama ilivyoboreshwa kwa toleo la 2019: nguvu za farasi 184, na injini inaruhusiwa kufika mizunguko 7,500 kwa dakika, wakati ile ya mwanzo iliishia 6,800. Gia ni sita, yanayosukuma ni magurudumu ya nyuma, na uzito unazidi tani moja kidogo tu. Habari za paa na viti nawaachia wengine.

Nianze na gia ya sita, kwa sababu hapo ndipo nilipoteza miezi. Magari mengi huwa na gia ya mwisho ya kupumzisha injini safarini. Katika hili, gia ya sita ni moja kwa moja, yaani shafti inayotoka kwenye gia boksi inazunguka sawa na injini. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, mshale wa mizunguko unasoma karibu 2,500. Ukishuka hadi 80 uko chini ya 2,000, na hapo ukikanyaga mafuta yote injini inanguruma kwa uchovu na mwendo unaongezeka polepole sana. Mimi nilikuwa napunguza gia moja, naingia ya tano, kisha najaribu kulipita lori. Gari linavuta, lakini unakaa upande usio wako muda mrefu kuliko unavyopaswa.

Siku hizi kwa mwendo huohuo naingiza ya tatu. Kilomita 80 kwa gia ya tatu ni mizunguko 4,000 hivi, na hapo ndipo injini hii inapotoa msokoto wake (nguvu ya kuzungusha) mkubwa kabisa, Nm 205. Tena gia hiyo inaweza kwenda karibu kilomita 150 kabla ya kufika ukomo, kwa hiyo huhitaji kubadilisha tena ukiwa katikati ya kupita. Sauti inapanda, na abiria asiyezoea hudhani unaiumiza injini. Huiumizi. Kinachoiumiza ni kukanyaga mafuta yote ikiwa kwenye mizunguko 1,300 katika gia kubwa. Mtetemo ule unaousikia miguuni unaigonga injini na fluwili yake, lile gurudumu zito linalotuliza mizunguko.

Sasa klachi. Ni nyepesi, na mahali inapoanza kushika panasikika vizuri mguuni, ndiyo maana nawaambia wanaojifunza kwamba gari hili ni mwalimu mzuri. Lakini tabia yangu ya zamani ilikuwa kupunguza gia kisha kuiachia klachi polepole, ili klachi yenyewe ivute injini ipande. Gari halistuki, na abiria halalamiki, ila kila mara unailisha klachi kazi ya breki. Chukua mfano wa kutoka gia ya tatu kwenda ya pili kwa kilomita 60. Ya tatu inazungusha injini kama 3,000, ya pili inataka 4,400. Mizunguko hiyo 1,400 lazima itoke mahali: ama mguu wako wa kulia uitoe kwa kugusa mafuta wakati klachi iko chini, ama nyuso za klachi zisuguane hadi mizunguko ya injini na ya gia ilingane.

Kuna njia ya tatu, mbaya kuliko hizo, nami niliipata kwenye mteremko wa kona wakati wa mvua. Niliingiza ya pili nikiwa tayari nimeanza kukata kona, sikugusa mafuta, nikaiachia klachi ghafla. Injini ilikuwa inazunguka polepole kuliko magurudumu yalivyotaka, kwa hiyo ikayakaba magurudumu ya nyuma kama mtu amevuta breki ya mkono. Mkia ukatoka. Mfumo wa kuzuia kuteleza ulilirudisha gari, nikasimama pembeni hadi mikono ikatulia. Tangu siku hiyo gia yangu ya kona naiingiza wakati barabara bado imenyooka, klachi imeachiwa kabisa kabla usukani haujageuka. Kanyagio la mafuta la gari hili limeshikiziwa sakafuni, na hilo linasaidia sana: ukiwa umekanyaga breki kwa nguvu kiasi, ukingo wa mguu huohuo unaligusa bila kuhangaika. Nilihitaji kama miezi miwili ya mazoezi kwenye barabara tupu.

Jambo moja la mkono wa gia. Safari yake ni fupi mno, na huo ndio utamu wake, lakini usiunyakue. Ukitoka ya tano kwenda ya nne ukiwa kilomita 120, ukausukumia kushoto kwa nguvu, utaingia ya pili. Gia ya pili kwa mwendo huo inataka karibu mizunguko 8,900. Kizuizi cha mizunguko ya injini hakitakuokoa, kwa sababu kinakata mafuta tu, na hapa yanayoizungusha injini ni magurudumu. Mimi naushika kwa kiganja kilicholegea, naacha springi iupeleke katikati wenyewe, kisha nauvuta chini.

Kwenye foleni ni rahisi: frii, mguu wa kushoto pembeni kabisa. Ukilikalia kanyagio, beringi ya klachi inafanya kazi wakati wote umesimama. Kwenye mlima navuta breki ya mkono. Sishikilii gari kwa klachi hata sekunde tano.

Ukitaka kununua lililotumika, lipeleke barabara tupu iliyonyooka, ingiza gia ya nne kwa kilomita 50 hivi, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko na mwendo vinapaswa kupanda pamoja. Mshale ukiruka peke yake na gari likabaki nyuma, klachi inateleza, na kuibadilisha maana yake ni kuteremsha gia boksi. Langu nililipima hivyo wiki iliyopita, likiwa na kilomita 21,000 mikononi mwangu, na vilipanda pamoja.