Kuchovya upya sinia na birika la fedha Mwanza: uzoefu wangu

Ukipeleka vyombo vyako kuchovywa fedha upya, yaani kupakwa tabaka jembamba la fedha kwa umeme, swali la kwanza kwa fundi liwe unene wa mikroni ngapi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Mng'ao hausemi kitu: hata fedha isiyofika mikroni 1 hung'aa siku ya kuchukua chombo, kisha shaba ikachungulia baada ya kusuguliwa mara chache. Niliagiza mikroni 20 kwa sinia la shaba la kipenyo cha sentimita 30 pamoja na birika lake, kwenye karakana moja hapa mjini. Sinia limepata alama zote. Birika bado.

Mikroni 1 kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10 ni gramu 0.105 ya fedha. Kwa hiyo sinia hilo, pande zote mbili, linakula takriban gramu 30 kufikia mikroni 20, karibu aunsi moja ya sonara (gramu 31.1). Fundi akikutajia bei ya kazi nzima iliyo chini ya bei ya aunsi moja ya fedha, hizo mikroni 20 hazipo. Sinia lipimwe kwenye mizani likishapigwa polishi, kabla ya kuingia kwenye dawa (maji yenye fedha iliyoyeyushwa), kisha likitoka na kukauka. Langu liliongezeka gramu 28, wastani wa mikroni 19 hivi. Hiyo ni kazi ya haki.

Maandalizi ya sinia yalifanywa vizuri. Fedha kuukuu ilitolewa yote, mikwaruzo ikaondolewa kwa msasa, maana fedha haifuniki mkwaruzo, huufuata ulivyo. Mafuta yakaoshwa hadi maji yakatanda bila kukatika matone. Likachovywa kwanza kwa muda mfupi kwenye dawa yenye fedha kidogo na sayanidi nyingi. Bila hatua hiyo fedha huikimbilia shaba yenyewe hata kabla ya umeme kufanya kazi, ikashika ovyo na baadaye kubanduka. Ndipo likaingia beseni kubwa: ampea 14 hivi, volti kama 1, zaidi kidogo ya nusu saa.

Kwenye birika, pale mdomo ulipounganishwa, palitoka malengelenge. Lehemu ya bati na risasi haishiki fedha vizuri. Ilipaswa kupakwa shaba kwanza. Karakana imekubali kurudia bila malipo. Ndani nako fedha ni nyembamba, kwa sababu umeme hukimbilia kingo na sehemu zilizojitokeza. Tiba yake ni kuning'iniza kipande cha fedha safi ndani ya birika wakati wa kuchovya, kisiguse ukuta. Liagize hilo mapema.

Usijaribu haya nyumbani. Sayanidi ni sumu kali, ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua, na maji ya suuza hayafai kuachiwa mtaroni yakateremka ziwani. Ulizia yanapelekwa wapi.

Matunzo: dagaa wa kukaanga wenye chumvi na ndimu wasilale kwenye sinia, chumvi hutoboa vishimo visivyosafishika. Mayai, vitunguu na mpira huleta weusi. Weusi huo usiusugue kwa majivu wala steliwaya. Tandika foili ya alumini ndani ya beseni, weka chombo kigusane nayo, mimina maji ya moto yenye magadi, vijiko viwili kwa lita. Suuza, kausha palepale.