Uzoefu wangu: Reiki ya nyumbani kwa mbwa mzee na paka mwoga

Nyota tatu kati ya tano. Reiki ni tiba ya kuweka mikono juu ya mwili au karibu nao, inayodaiwa kupitisha nguvu ya uhai. Huduma yenyewe ni ile ya mhudumu kuja nyumbani, hapa Uingereza. Wateja ni wawili: mbwa mzee aina ya Labrador mwenye baridi yabisi ya nyonga, na paka jike anayejificha chini ya kitanda akisikia tu kengele ya mlango. Nimewatumia wahudumu zaidi ya mmoja, na tofauti kati yao ni kubwa mno, kiasi kwamba kuuliza "Reiki inafaa?" hakusaidii kitu. Uliza nani anakuja na anafanya nini akishaketi.

Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922, na Hawayo Takata akaipeleka Hawaii miaka ya 1930. Binadamu hulala, mhudumu akaweka mikono sehemu moja hadi nyingine kwa dakika tatu hadi tano kila mahali. Ukimfanyia mnyama hivyo umemshika kwa nguvu, hata kama mikono ni laini. Kathleen Prasad, mwalimu wa Reiki ya wanyama wa Marekani, anafundisha njia iliyo kinyume: mnyama ndiye anayeongoza, akitaka kuguswa atakuja mwenyewe, asipotaka mhudumu anabaki pale alipo. Ukipata aliyejifunza kwa mtindo huo, nusu ya matatizo nitakayoyataja hapa hutayaona.

Mhudumu mzuri utamjua kwenye simu. Ataomba jina la daktari wa mifugo anayemtibu mnyama, dawa anazotumia, na kama ana tabia ya kung'ata. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1966, ukiacha vighairi vichache, imemwachia daktari wa mifugo aliyesajiliwa kazi ya kutambua ugonjwa na kutibu. Kwa hiyo anayekuambia "nahisi figo zake zina shida" amevuka mpaka. Atakayegusia kupunguza meloxicam au dawa nyingine ya maumivu, mwonyeshe mlango.

Siku ya kikao, mtoe mbwa matembezi mafupi kwanza, ajisaidie, na chakula kiwe kimeshatulia tumboni. Wanyama wengine watoke chumbani. Mlango uachwe wazi ili mnyama aondoke akitaka. Hili wahudumu wengi hulisahau, nalo ndilo linaloamua kama paka atashiriki au atavumilia tu. Mhudumu akae sakafuni, ubavu ukimwelekea mnyama, umbali wa mita mbili hivi, asimkazie macho, viganja juu ya mapaja. Mbwa humaliza dakika 30 hadi 60. Paka dakika 15 zinatosha, na ukilipishwa saa nzima kwa paka umelipia saa ya mtu kukaa na zulia. Farasi hufanyiwa kutoka nje ya kizimba. Mikono isiwekwe juu ya kidonda, kiungo kinachouma wala utosini.

Sasa, jambo linalonikera zaidi. Mbwa akipiga miayo, akilamba pua na kugeuza kichwa, wapo wahudumu wanaotangaza kwa furaha kwamba "nguvu mbaya inatoka". Kwa anayewajua mbwa, dalili hizo zikija pamoja mara nyingi maana yake ni moja: nimebanwa, sogea. Ukiona na weupe wa macho, kikao kimekwisha. Paka mkia ukianza kuchapachapa, hivyohivyo. Na kukoroma kwa paka, ule mngurumo wa kooni akiwa macho, si ushahidi wa raha, kwani hukoroma hata akiwa na maumivu. Sungura ndiye anayewadanganya wengi: akijilaza bapa, hatikisiki, macho yamemtoka, huyo ameganda kwa hofu, wala hajatulia. Utulivu wa kweli kwa mbwa ni nyonga kuangukia upande mmoja, taya kulegea, pumzi ndefu, halafu usingizi.

Kipimo changu ni pumzi. Mnyama akiwa amelala, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Mbwa au paka mzima aliyelala huwa chini ya 30 kwa dakika. Pima kabla na baada, na asubuhi inayofuata mpige video anavyoinuka kitandani. Kisha fanya jaribio ambalo mhudumu hatakupendekezea: siku nyingine, saa ileile, kaa wewe sakafuni vilevile, kimya, simu imezimwa, bila Reiki yoyote. Kwa mbwa huyu pumzi zilishuka mara zote mbili, na sikuweza kuzitofautisha. Nyonga haikubadilika kwa lolote.

Macho ya mwenye mbwa hayaaminiki peke yake. Mwaka 2012 jarida la madaktari wa mifugo la Marekani lilichapisha utafiti wa mbwa 58 waliokuwa wakichechemea na kupewa dawa isiyo na kitu. Wenye mbwa wengi, na hata madaktari, waliona nafuu ambayo kifaa cha kupima uzito anaoweka mnyama kwenye mguu hakikuiona. Wanaoitetea Reiki hutaja utafiti wa Ann Baldwin wa Chuo Kikuu cha Arizona, ambapo mapigo ya moyo ya panya waliosumbuliwa na kelele yalipungua. Panya wenyewe walikuwa watatu, na shinikizo la damu halikushuka.

Kuhusu vikorombwezo: udi na ubani tunavipenda, lakini moshi huo ni mbaya kwa mapafu ya ndege na haumfai paka. Mafuta ya mti chai (tea tree) ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuyavunja vizuri. Vijiwe vya rangi vinavyopangwa sakafuni, mbwa mdogo atavimeza.

Na kuna hali ambazo hata kumpigia mhudumu ni kupoteza muda. Paka dume anayekwenda kwenye sanduku la mchanga mara kwa mara bila kutoa mkojo. Mbwa aliyevimba tumbo na anajikakamua kutapika bila kitu kutoka. Sungura ambaye hajala kwa saa 12. Paka anayepumua kwa mdomo wazi. Hao ni wa daktari sasa hivi.

Mahali ambapo ningelipa tena ni kwa yule paka. Mgeni anayekuja, hamtazami, hamfuati, hamgusi, na harefushi mkono, ni zoezi zuri la kumzoesha watu, na wahudumu wa Reiki wenye nidhamu hulifanya vizuri kuliko marafiki zangu. Alitoka chini ya kitanda akanusa mkoba.

Reiki ya mbali, ile ya kutuma picha na kusubiri ujumbe, hutumia alama zinazofundishwa daraja la pili, Okuden. Mnyama hajui kama imefanyika na wewe huna cha kupima. Sitainunua. Zulia refu la kumzuia mbwa mzee asiteleze sakafuni lilinigharimu chini ya kikao kimoja, na hatua zake zilibadilika siku ileile.